Mchochea Moto wa Broken Hill

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Sisi walimu wa Kiswahili tumeifundisha methali hii kwa miaka mingi, na aghalabu tumeifafanua kwa mifano ya wafalme na matajiri waliofilisika. Katika makala haya tunapenda kuifafanua kwa maisha ya mfanyakazi wa reli, mtu aliyeanza kazi kwa kutupa makaa ya mawe katika tanuri la garimoshi, akaishia kuwa Waziri Mkuu wa Shirikisho lililoitawala nchi hii tunamoishi kama wageni. Jina lake aliitwa Roland Welensky, naye alijulikana zaidi kwa jina la Roy. Vijana wetu wengi hawapati kulisikia jina hilo. Wazee wa Malawi hawajalisahau.

Kwanza yafaa tueleze tulipo. Tunaandika kutoka Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Lilongwe. Mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa katika utawala wa Dakta Kamuzu Banda; mwaka 1994, baada ya utawala huo kushindwa katika uchaguzi, pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Leo wanaishi hapa watu zaidi ya 50,000, walio wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na lugha inayotuunganisha sokoni, kisimani, kanisani na msikitini ni Kiswahili. Mambo yetu makubwa huamuliwa katika wizara zilizoko Capital Hill, kile kilima cha Lilongwe kilichojengwa ofisi za serikali baada ya makao makuu kuhamishwa kutoka Zomba mwaka 1975. Hatuna budi kusema pia kwamba Malawi ni nchi yenye moyo: mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imewapokea watu wa Msumbiji zaidi ya milioni moja, ilhali yenyewe ni maskini. Hata hivyo, ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yake, na mojawapo linahusu ajira. Mwalimu mkimbizi mwenye diploma ya ualimu, kama sisi, hulala na diploma hiyo chini ya mto. Msomaji ataona mbele kwa nini tumelitaja jambo hili.

Sasa turudi kwa Welensky. Alizaliwa Salisbury, mji unaoitwa leo Harare, mwezi Januari 1907, akiwa mtoto wa kumi na tatu. Baba yake alikuwa Myahudi kutoka Lithuania, nchi iliyokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Mama yake alikuwa Kaburu. Nyumba yao ilikuwa ya ufukara. Mama alifariki Roy akali mtoto, naye akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akahangaika na vibarua vya kila namna. Alipofika miaka 17 akaajiriwa katika reli za Rhodesia. Alikuwa pandikizi la mtu, na katika miaka ya 1920 akawa bingwa wa ndondi wa uzito wa juu wa Rhodesia. Baadaye alipenda kujieleza kwamba ni nusu Myahudi, nusu Kaburu, na Mwingereza kamili. Alipenda pia kusimulia jinsi alivyokuwa akiogelea utotoni katika mto Makabusi pamoja na watoto wa Kiafrika, ili watu waelewe kwamba Waafrika anawajua.

Kazi aliyoanza nayo ndani ya garimoshi ndiyo tunayoiita ya mchochea moto. Walimu wenzetu wataona mara moja utamu wa neno hili. Kuchochea ni kusukuma kuni au makaa ili moto uwake zaidi, na garimoshi halitembei bila mtu wa kazi hiyo. Lakini kitenzi hicho hicho kimetupatia mchochezi, yaani mtu anayewasha fitina, na uchochezi, neno ambalo serikali nyingi zimelipenda sana katika sheria zao. Serikali za kikoloni ziliwaita wachochezi watu wote waliodai uhuru. Basi ni jambo la kutafakari kwamba mtu aliyewatia ndani wachochezi wa Nyasaland mwaka 1959 alikuwa mwenyewe amepata chakula chake cha kwanza cha utu uzima kwa kuchochea.

Hakuchochea moto wa makaa peke yake. Mwaka 1929 wafanyakazi Wazungu wa reli waligoma, naye alikuwamo. Mgomo ulishindwa. Mwaka 1933 alihamia Broken Hill, mji unaoitwa leo Kabwe, nchini Zambia, na huko akakiongoza chama cha wafanyakazi wa reli. Chama kilikuwa dhaifu. Yeye akakitia nguvu. Aliwatetea wanachama wake kwa bidii, na wanachama wakampenda kwa sababu hakujifanya bwana mkubwa. Mwaka 1938, akiwa bado dereva wa garimoshi, alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1941 akaanzisha chama cha siasa cha wafanyakazi. Mpaka hapo hadithi yake yapendeza: mtoto wa mhamiaji fukara, asiye na elimu wala jamaa mwenye cheo, anapanda kwa nguvu za mikono yake na kwa imani ya wenzake.

Ila wanachama hao walikuwa Wazungu watupu. Mwafrika alikuwamo katika reli, na idadi yake ilikuwa kubwa kuliko ya Mzungu. Ndiye aliyetandika mataruma, aliyepakia makaa, aliyefagia mabehewa. Kazi za ufundi zenye mshahara wa kutosha zilihifadhiwa kwa ajili ya Wazungu, na chama kilisimama mlangoni kama bawabu. Mnamo Oktoba 1945 wafanyakazi Waafrika wa reli waligoma wao wenyewe, mgomo ulioanzia Bulawayo na kuenea hadi Rhodesia ya Kaskazini. Miongoni mwa wagomaji hao walikuwamo watu wa Nyasaland, kwa maana vijana wa nchi hii walikuwa wakienda Rhodesia kwa maelfu kutafuta fedha ya kodi. Wengine hawakurudi kamwe. Wachewa huwaita watu hao machona, neno ambalo hatujalipatia ndugu yake katika Kiswahili, ingawa sisi wenyewe tunahofu kila siku kwamba ndilo jina letu.

Na reli ile haikuishia Broken Hill. Ilifika hapo mwaka 1906, na mwaka 1910 ikaingia Elisabethville, yaani Lubumbashi, ambako Kiswahili cha Katanga kimekua migodini na katika kambi za wafanyakazi. Baadhi ya wanafunzi wetu hapa Dzaleka ni wajukuu wa wafanyakazi wa migodi hiyo. Garimoshi la Welensky, kwa hiyo, si la mbali nasi kama mtu anavyoweza kudhani.

Mwaka 1953 Uingereza iliunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa Shirikisho moja. Welensky alikuwa mmoja wa waliolipigania zaidi. Mwaka huo alipewa cheo cha Sir, akawa Waziri wa Uchukuzi, na mwaka 1956 akawa Waziri Mkuu baada ya Godfrey Huggins. Waafrika wa Nyasaland walilikataa Shirikisho hilo tangu mwanzo. Kwa Chichewa liliitwa Chitaganya, na neno hilo lilitamkwa kwa uchungu. Wakubwa wa Shirikisho walisema msingi wake ni ubia baina ya Mzungu na Mwafrika. Tulipowaeleza wanafunzi wetu jambo hili, tuliwauliza maana ya ubia. Binti mmoja wa Bujumbura, ambaye mama yake huuza dagaa kwa ubia na jirani, alijibu bila kusita kwamba katika ubia kila mtu anajua fungu lake na anaweza kulidai. Huggins mwenyewe anakumbukwa kwa kuufananisha ubia huo na ule wa farasi na mpandaji. Binti yule aliposikia hayo alicheka, akasema basi Mzungu yule hakujua Kiswahili.

Mwezi Julai 1958 Dakta Banda alirudi nyumbani baada ya miaka mingi ya ugenini, na nchi nzima ikaanza kuchemka. Tarehe 3 Machi 1959 gavana wa Nyasaland alitangaza hali ya hatari. Askari wa Shirikisho walikwisha kuingia nchini. Alfajiri ile Banda alikamatwa na kupelekwa gereza la Gwelo, Rhodesia ya Kusini. Zaidi ya watu elfu moja walitiwa kizuizini, na wapatao 50 waliuawa katika siku zile, 20 kati yao siku ile ya kwanza huko Nkhata Bay. Tume ya Jaji Devlin, iliyotumwa kutoka Uingereza, ilitoa taarifa yake mwezi Julai mwaka huo, ikasema kwamba Nyasaland imekuwa, japo kwa muda, dola ya kipolisi. Agogo mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye hutuuzia mahindi, alitusimulia kwamba wakati huo alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na jambo analolikumbuka ni ndege za kijeshi kupita chini chini mpaka mbuzi wakatawanyika. Aliwatafuta siku mbili. Baba yake alikuwa Bulawayo katika reli, akimfanyia kazi, kama alivyosema agogo, bwana yule yule aliyezituma ndege.

Kwa upande wa Kongo nako mkono wa Welensky ulifika. Katanga ilipojitenga mwaka 1960 chini ya Moïse Tshombe, Welensky alimwunga mkono, kwa sababu alitaka kizuizi baina ya Shirikisho lake na upepo wa uhuru uliotoka kaskazini. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifariki katika ajali ya ndege karibu na Ndola, ndani ya Shirikisho hilo, mwezi Septemba 1961, alipokuwa akienda kuonana na Tshombe. Mambo hayo Wakongo wenzetu huyasimulia tofauti kila mmoja kwa kadiri ya jimbo lake, nasi darasani tumejifunza kuyapitia taratibu.

Mpanda ngazi alianza kushuka. Banda alifunguliwa Aprili 1960. Uingereza, ambayo Welensky aliitumainia kwa moyo wote, iliruhusu Nyasaland ijitoe, na tarehe 31 Desemba 1963 Shirikisho likavunjwa. Tarehe 6 Julai 1964 Malawi ikawa huru. Oktoba mwaka huo Welensky aligombea kiti cha ubunge huko Salisbury, akipinga mpango wa Ian Smith wa kujitangazia uhuru wa walowezi bila idhini ya Uingereza. Katika mikutano yake Wazungu walimzomea. Walimwita msaliti, walimwita mkomunisti, na baadhi yao wakamtukana kwa Uyahudi wake. Alishindwa vibaya. Hao ndio watu aliowajengea chama, akawalindia kazi, akawaundia nchi. Siku walipomkasirikia walimkumbusha alikotoka baba yake. Alihamia Uingereza mwaka 1981, akafariki huko Desemba 1991.

Tungeweza kukomea hapo na kusema kwamba malipo ni hapa hapa duniani. Lakini haki yataka tuseme na la pili. Banda, aliyefungwa na Shirikisho bila kuhukumiwa, alipopata nchi naye alifunga watu bila kuwahukumu, na baadhi yao waliletwa hapa hapa tunapofundishia. Hivyo mtu asidhani kwamba tabia ya kuivuta ngazi juu ni ya rangi moja.

Wala si kila mchochea moto aliyepanda aliifuata tabia hiyo. Huko Marekani katika karne ya 19 alikuwako Eugene Debs, aliyezaliwa Terre Haute, jimbo la Indiana, mwaka 1855, mtoto wa wahamiaji kutoka Alsace. Naye aliacha shule akiwa na miaka 14, akaingia reli, akawa mchochea moto, kisha kiongozi wa chama cha wachochea moto. Mwaka 1879 watu wa mji wake walimchagua kuwa karani wa mji, na baadaye akaingia katika baraza la jimbo. Hadi hapo maisha yake na ya Welensky yalandana kama shilingi kwa ya pili. Mwaka 1893 Debs alianzisha chama cha kuwakusanya wafanyakazi wote wa reli pasipo kujali daraja la kazi. Mwaka uliofuata wajumbe wa chama hicho walikutana Chicago kuamua kama watu weusi waingizwe. Debs aliwasihi wawaingize. Kura zikapigwa: 112 za kuwakataa, 100 za kuwakubali. Baada ya wiki chache mgomo mkubwa wa reli ulivunjwa na serikali, na Debs akafungwa miezi sita. Weusi waliofungiwa mlango hawakuwa na sababu ya kuutetea mgomo ule. Katika reli zile zile za Rhodesia alifanya kazi pia Joshua Nkomo, aliyekiongoza chama cha wafanyakazi Waafrika kabla ya kuwa mmoja wa viongozi wakuu wa Zimbabwe. Reli moja ilizaa watu wawili, na kila mmoja alikuwa na mlango wake.

Hizo kura 112 kwa 100 ndizo zilizotufanya tuandike makala haya. Nasi hapa Dzaleka tulipiga kura yetu.

Mambo yalikuwa hivi. Tangu Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, mwezi Agosti 1999 ukiwa umepita miaka ishirini kamili, yaani 2019, Wamalawi wanaotaka kujifunza Kiswahili wameongezeka. Wapo wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Songwe kwenda kununua bidhaa Kariakoo, na wapo vijana wa vijiji vya Dowa wanaotaka kazi katika malori. Walikuja kuomba nafasi katika darasa letu la jioni. Darasa hilo ni chumba kimoja cha bati chenye mabao ya kukalia yasiyotosha hata wana wetu. Walimu tukakutana. Mwenzetu mmoja kutoka Kivu, mwalimu hodari kuliko wengi wetu, alisimama akasema maneno tunayoyaandika hapa kwa idhini yake: “Wenzetu hawa wana nchi, wana shule, wana vitambulisho. Sisi tuna Kiswahili peke yake. Tukiwapa na hicho, baada ya miaka mitano wao ndio watakaoajiriwa kukifundisha Lilongwe, nasi tutabaki hapa na diploma zetu.”

Hakuna aliyecheka. Mwaka 2023 amri ilipotolewa kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, ndugu yake mwenzetu huyo alikuwa miongoni mwa waliopoteza maduka. Hoja yake ilikuwa nzito, na bado ni nzito. Tofauti baina yake na wafanyakazi Wazungu wa Broken Hill ni kubwa: wale walikuwa na sheria na bunduki nyuma yao, na yeye hana hata kibali cha kulala Lilongwe. Tulilisema hilo mkutanoni, kwa kuwa si haki kumlinganisha mnyonge na mwenye nguvu kana kwamba ni mamoja. Lakini tuliuliza pia: lugha hii tunayotaka kuifungia kabatini, sisi tuliipataje? Wengi wetu hatukuzaliwa nayo. Yupo aliyeipata kwa askari, yupo aliyeipata kwa Waswahili wa Ujiji, yupo aliyeipata katika behewa la daraja la tatu kutoka Kigoma alipokuwa akikimbia na mtoto mgongoni. Hakuna aliyetudai cheti cha uraia kabla ya kutujibu salamu.

Kura zilipohesabiwa, waliokubali waliwazidi waliokataa kwa kura mbili. Mwenzetu wa Kivu aliitii hesabu, akafunga vitabu vyake, na tangu siku hiyo hajafundisha darasa la jioni. Hatumlaumu. Mwanawe huja, na hukaa bao moja na kijana wa kijiji cha jirani ambaye humsaidia Chichewa.

Sasa tuna wanafunzi wa mataifa manne katika chumba kimoja. Mama mmoja mfanyabiashara wa Dowa tayari huandika daftari lake la manunuzi kwa Kiswahili, na siku hizi tunapochelewa kupata chaki huinunua yeye. Suala la ajira halijatatuliwa. Barua tulizoandika zimekwenda kilimani, nasi tutaandika nyingine. Tumewaomba wanafunzi wetu Wamalawi watusaidie kuziandika kwa Kiingereza cha ofisi na Chichewa cha adabu, nao wamekubali.

Walimu wenzetu mtakaopenda kuitumia habari hii darasani, twapendekeza muanze na maneno: mchochea moto, mchochezi, ubia, shirikisho. Waacheni wanafunzi wayajadili kabla hamjawatajia jina la mtu yeyote. Kisha waulizeni, katika mtaa wao au kambi yao, ni mlango gani mdogo ambao wao wenyewe wanaushikilia ufunguo wake, na ni nani anayesubiri nje. Sisi tulipowauliza wetu, walikaa kimya kitambo, kisha mikono ikainuka mingi kuliko tulivyotazamia.